Jino la Mutachoka

“Ku hii nyumba nyama tunakulaka Noeli tu, doktere. Sasa jino ya mbwa yangu imevunjwa na nini?”

Mama Neema aliniuliza hivyo uani kwake, Nakivale, vipande vya jino lenyewe vikiwa kiganjani mwake juu ya pamba. Nilikuwa na shahada ya udaktari wa mifugo, koti ambalo lilikuwa bado halijapata doa la maana, na tabia ya kuwasumbua watu kwa maswali. Nilisema kitu kuhusu mawe. Yeye hakuamini, na mimi mwenyewe sikuamini.

Nawaandikia ninyi mliobaki kliniki Mbarara. Nimeacha kazi mwezi uliopita, baada ya miaka kumi na miwili, kwa sababu mapafu yangu yamekataa kuendelea kuvuta manyoya ya mbwa. Mnaniita mstaafu. Nina miaka thelathini na saba na meno yangu yote. Neno hilo naliona kubwa mno kwangu, lakini kadi mliyoniandikia ilikuwa nzuri, basi nalipokea. Mliniomba niwaachie ushauri. Ushauri siuamini sana, kwani mwingi niliopewa haukuwa na ushahidi. Nitawasimulia mbwa mmoja.

Nilikulia Nakivale, katika makazi ya wakimbizi. Wazazi wangu walitoka Kivu Kusini nikiwa mgongoni mwa mama. Nilipomaliza chuo nilirudishwa kwetu, katika huduma ya mifugo iliyokuwa ikizunguka vijiji vya makazi, chini ya Mzee Kamugisha. Yeye alikuwa mwenyeji wa Masha, msaidizi wa mifugo karibu na kustaafu, na Kiswahili chake alikiokota jeshini akiwa kijana. Hakuwa na shahada. Alikuwa na pikipiki, sanduku la bati na pua.

Siku ya kwanza nilitarajia ng'ombe, na ng'ombe nikawapata: kupe, homa, ndama aliyekaa vibaya tumboni. Mbwa walikuja kwa jambo moja tu, chanjo ya kichaa. Waliletwa kwa kamba, kwa nyaya, mmoja kwa mkanda wa suruali, na mwenye suruali akiishikilia kwa mkono wa pili. Kazi yangu ilikuwa sindano. Kabla ya kila sindano Mzee Kamugisha aliinama, akanusa karibu na mdomo wa mbwa, halafu akaandika alama daftarini.

“Unanusa nini, mzee?”

“Meno.”

“Mbwa wote wananuka mdomo.”

“Nani alisema?”

Hilo ndilo swali ambalo mimi huwauliza wengine. Chuoni meno ya mbwa tulisoma mchana mmoja, na mchana huo umeme ulikatika. Nilimwambia kuwa pua si kipimo, ushahidi uko wapi?

“Ushahidi iko hapa,” akagonga pua yake. “Kuja, doktari ya chuo. Nusa hii, alafu nusa ile.”

Nilinusa mbwa wawili mbele ya foleni nzima, watoto wakicheka hadi kukaa chini. Mmoja alinuka mbwa. Wa pili alinuka kitu kilichooza. Mzee alimwinua mdomo yule wa pili kwa kidole gumba: magego yalikuwa yamefunikwa na ukoga mgumu wa rangi ya kahawia, na fizi zilikuwa nyekundu zinavuja damu. Mwenye mbwa alisema anakula vizuri, hana tatizo. “Anakula sababu ya njaa,” akasema Mzee. “Hata wewe jino ikiuma, utakula.”

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Miezi mitano baadaye tulipigiwa simu kuhusu Mutachoka.

Jina hilo lina habari yake. Watu wetu huwapa mbwa majina ambayo hayamhusu mbwa, yanamhusu jirani. Mama Neema, mjane, mkulima wa maharage na mfugaji wa mbuzi saba, alikuwa ameacha kwaya ya kanisa, na maneno yakawa mengi. Mwenye maneno mengi zaidi alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Mama Asifiwe, aliyekuwa anauza supu ya kwato za ng'ombe, mulokoni, katika soko la Base Camp. Mama Neema hakumjibu. Alitafuta mtoto wa mbwa, akamwita Mutachoka, yaani mtachoka kunisema. Kila jioni alisimama karibu na ukuta akamwita mbwa wake kwa sauti ya kwaya: “Mutachoka! Mutachokaaa!” Mbwa alikuja akitikisa mkia. Mama Asifiwe alifunga dirisha.

Tulipofika tulikuta watu kama thelathini, na sita kati yao walikuwa na fimbo. Mbwa alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya zizi la mbuzi. Mate yalimtoka mfululizo. Siku mbili alikuwa hajala. Asubuhi hiyo mtoto alipomgusa shavu, alibweka na kutaka kumng'ata. Mwenyekiti wa kijiji alishakata shauri: kichaa.

“Anauawa leo,” alisema. “Batoto beko mingi hapa.”

Mama Neema alikuwa amesimama kati ya fimbo na zizi, mikono kiunoni. “Mutaanza na mimi.”

“Ma, sisi hatuna kesi na wewe.”

“Muko na kesi na jina! Kama ningemwita Bobi, mungemuletea maji!”

Watu wawili walicheka, kisha wakajuta. Mama Asifiwe, aliyesimama mbele kabisa na aproni yake inanuka moshi na supu, hakucheka. “Wewe, acha jina! Hii mbwa iko na bugonjwa ya kuua batu. Bamuuwe sasa hivi, tena bamuchome.”

Nilitazama kwa umbali wa hatua nne. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na uvimbe, na katikati ya uvimbe tundu dogo lilikuwa linavuja usaha. Kichaa hakitoboi uso, niliwaza. Lakini mbwa mwenye jipu anaweza pia kuwa na kichaa. Hakuna sheria inayosema ugonjwa mmoja kwa mbwa mmoja. Nilimuuliza Mama Neema kama mbwa alichanjwa. Alichanjwa. Kadi iko wapi? Kadi ililiwa na mbuzi. Mwenyekiti alitikisa kichwa kama hakimu aliyesikia utetezi huo mara nyingi.

Nilipiga hatua kumkaribia mbwa. Mzee Kamugisha alinishika kola.

“Hapana gusa mdomo. Leo hapana.”

“Lakini ni jino, mzee. Au jicho. Naomba nione tu.”

“Wewe unapenda kujua mbio mbio. Hii ugonjwa nayo inapenda mutu ya namna hiyo.”

Akawageukia watu na kuuliza kwa sauti ya paredi: “Nani ameumwa na hii mbwa?” Hakuna aliyejibu. Akauliza mara ya pili, kila mtu akamtazama mwenzake. Hakuna.

Ndipo Mama Asifiwe akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini kidogo: “Doktere, kama mate yake imegusa mutu fasi iko na kidonda, anakufaka?”

Nilifurahi kuulizwa. Nilieleza vizuri sana, kama mtihani wa mdomo: virusi viko kwenye mate, vinapita hata kwenye mkwaruzo, vinasafiri katika mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Nilieleza bila kuacha kitu, isipokuwa kumuuliza kwa nini anauliza.

Mzee aliwaambia utaratibu. Mbwa afungwe peke yake siku kumi, asiguswe, apewe maji na uji kwa fimbo ndefu. “Kama iko na kichaa na mate yake iko na sumu leo, itakufa yenyewe ndani ya hiyo siku. Ikipita siku kumi iko hai, mate ya leo ilikuwa safi. Mukiua leo, hakuna mutu atajua kitu.”

Fimbo zilikuwa bado juu. Mwenyekiti alifungua mdomo, lakini aliyesema alikuwa Mama Asifiwe.

“Basi angojewe.”

Kila mtu alimgeukia. Mama Neema mwenyewe alishusha mikono kutoka kiunoni.

“Nimesema angojewe,” alirudia, kama aliyekuwa anagombana na mtu. “Siku kumi si mwaka.”

Adui wa mbwa akisema angojewe, nani mwingine atasema auawe? Fimbo zilishuka moja moja. Usiku huo niliandika kwenye daftari langu kwamba maelezo ya kisayansi yanaweza kubadili mawazo ya jamii. Nilipigia mstari sentensi hiyo. Daftari ninalo bado.

Siku kumi hizo nilikwenda kila asubuhi kwa baiskeli, na nilijifunza kumtazama mbwa bila kumgusa. Jaribuni siku moja. Ni kazi ngumu. Nilitia dawa ya kuua vijidudu na ya maumivu ndani ya uji, na Mama Neema alisukuma bakuli kwa fimbo huku akimwimbia. Siku ya tatu mbwa alikunywa uji wote, akiinamisha kichwa upande wa kulia. Siku ya tano aliokota kipande cha bugali, akakihamishia kulia, akatafuna, kikaangukia kushoto, akalia. Alipopiga miayo niliona kwa sekunde moja: meno ya kulia yalikuwa meupe kwa kadiri ya mbwa wa Nakivale, ya kushoto yalikuwa kahawia tupu. Kwa nini upande mmoja? Nilimpigia Mzee simu.

“Upande haifanyi kazi inaota uchafu,” alisema. “Kama shamba. Hiyo mbwa imeacha kutafuna huko zamani.”

Asubuhi hizo zote niliona pia jambo jingine, nikaliandika: Mama Asifiwe, akiwa na sufuria yake kichwani tayari kwenda Base Camp, husimama nyuma ya zizi, anachungulia, anaondoka. Hakusalimia. “Jirani anakuja kuona kama amekufa,” niliandika. Hilo sikulipigia mstari, lakini nilikuwa na uhakika nalo uleule.

Siku ya kumi na moja Mutachoka alikuwa hai na mwenye hasira ya njaa. Tulimpeleka Mbarara nyuma ya pikapu ya maziwa. Mzee alifungua sanduku lake la bati, na chini ya vifaa vya ng'ombe kulikuwa na kitambaa cha kijani, ndani yake vyombo vya meno vya binadamu: patasi nyembamba za kulegezea jino, koleo mbili, na drili ndogo. Alivipata kwa daktari mmoja wa meno wa mjini aliyekuwa amenunua vipya. Vilichakaa, lakini Mzee alivinoa kila Jumapili baada ya ibada.

Mbwa alipolala kwa dawa ya usingizi, tulimfungua mdomo. Gego kubwa la juu, lile ambalo mbwa hulitumia kama mkasi, lilikuwa limepasuka; bapa zima la upande wa nje lilikuwa limebanduka na moyo wa jino ulikuwa wazi. Uoza uliingia hapo, ukapanda kwenye mizizi, na mizizi ya jino hilo inafika karibu kabisa na chini ya jicho. Usaha ulitafuta mlango, ukatoboa shavu. Mngeweza kupaka dawa ya jicho mwaka mzima, na mwaka mzima kidonda kingefunga na kufunguka.

Jino hilo lina mizizi mitatu. Mzee alilikata vipande, akanipa patasi. “Hapana vuta. Legeza. Mutu anavuta ndiye anavunja.” Nilivuta. Mzizi mmoja ulivunjika, nikatumia saa nzima kuutafuta, yeye amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anakunywa chai. Tangu siku hiyo sijavuta.

Siku nne baadaye Mutachoka alikula bugali kwa pande zote mbili. Tundu la shavuni lilifunga wiki ya pili. Ndipo Mama Neema akaniuliza lile swali. Mzee alikuwa amesema jino lile huvunjwa na kitu kigumu kuliko lenyewe: jiwe, mfupa mkavu, mnyororo. Mama Neema alifunga mbwa kwa kamba ya katani. Mifupa hakuwa nayo. Tuliwauliza majirani wote nani humpa mbwa mifupa, akiwemo Mama Asifiwe. Alisema yeye ana kazi nyingine za kufanya.

Baada ya miaka miwili nilihamia mjini, kwenye kliniki yetu. Mbwa wa mjini walikuwa na shampuu na majina ya Kizungu, na midomo ileile. Nilianza kuwaambia wenye mbwa wawapige mswaki, kwa sababu vitabu vilisema hivyo, na kila nilipolisema nilisikia aibu. Mfanyabiashara mmoja wa maziwa kutoka Bwizibwera aliniuliza, “Doktari, na fisi? Fisi nani anapiga yeye mswaki?” Kliniki yote ilicheka, nami nikacheka, halafu nikakaa na swali hilo wiki nzima. Fisi mwenye jino bovu hatumwoni. Anashindwa kula, anakufa porini, na hakuna anayetupigia simu. Tunaowaona ni wale ambao meno yao bado yanafanya kazi. Lakini hilo halikuthibitisha kwamba mswaki unasaidia.

Basi nikajaribu. Wakongwe wenu wanamkumbuka Sajenti, mbwa wa mlinzi wetu. Kwa miezi minne nilimsafisha meno kila siku upande wa kushoto tu, kwa kitambaa laini kidoleni, kisha kwa mswaki wa mtoto na maji. Hakuna dawa ya meno ya watu. Mbwa hatemi, anameza, na nyingine zina vitu vya kumdhuru. Wenzangu walimbadili jina wakamwita Nusu. Mwezi wa nne nilimwinua mdomo mbele yao. Kushoto fizi zilikuwa za waridi. Kulia zilikuwa nyekundu, zimevimba, na ukoga umeshika mpaka kwenye mstari wa fizi. Mbwa mmoja si utafiti, najua. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho, na tangu hapo sikusikia aibu. Sajenti nilimsafisha pande zote mbili hadi alipokufa, kwa sehemu kwa ajili ya meno yake na kwa sehemu kumwomba radhi.

Ninachokiamini leo ni kifupi. Ukoga laini unaondoka kwa kitambaa. Ukishakuwa jiwe hauondoki mpaka mbwa alazwe kwa dawa ya usingizi. Chini ya fizi vijidudu vinakula kile kinachoshikilia jino. Wengine watawaambia vinaharibu pia moyo na figo. Huenda, hapo bado nina maswali. Maumivu sina swali nayo. Mbwa huyaficha, anaendelea kula na kutikisa mkia, na sisi tunasema ndivyo mbwa wanavyonuka. Kuhusu kitu cha kutafuna, kigongeni gotini kwenu kwanza. Kikiwauma, msimpe.

Mwaka jana, foleni ya asubuhi, aliingia mama mwenye kikapu, ndani yake mtoto wa mbwa. Sikumtambua mpaka aliposema. Mama Asifiwe alikuwa amehamia Mbarara kwa mwanawe. Mtoto wa mbwa alikuwa kitukuu cha Mutachoka. Mama Neema ndiye aliyempa.

“Munapatana siku hizi?” nilimuuliza.

“Eeh, tulichoka.” Akacheka, kisha akainamia kikapu. “Doktere, nionyeshe vile banasafishaka meno. Huyu sitaki avunjike kama babu yake.”

Nilimwambia hatukujua kamwe babu yake alivunjikia wapi.

“Mimi najua.”

Alikuwa anatoka uani alfajiri kabla ya watu, kuwasha moto chini ya kwato. Mutachoka alimbwekea kila siku, Mama Neema akaamka, matusi yakaanza kabla ya jua. Basi akaanza kumpa mbwa mifupa ya kwato iliyobaki sufuriani, ili anyamaze. Mifupa ile ni migumu kama jiwe. Na vidole vyake, kwa kisu cha kukwangulia kwato, havikukosa majeraha hata siku moja.

“Siku ile muliuliza nani ameumwa,” alisema. “Mimi sikuumwa. Mimi nililambwa.”

Siku kumi alipita nyuma ya zizi kuona kama mbwa anapumua. Hakwenda kliniki ya watu iliyokuwa hatua chache kutoka meza yake ya supu, kwani angeulizwa ni mbwa wa nani, na kijiji kizima kingejua. Angeweza kufa kwa ajili ya hilo, nami nilikuwa pale kila asubuhi na baiskeli na daftari. Tangu mwaka jana, kila panapotajwa kichaa, namuuliza kila mtu: nani ameumwa, nani amekwaruzwa, nani amelambwa, na kwa nini unaniuliza. Kisha nawaambia waoshe kwa sabuni na maji mengi, waende kliniki siku hiyohiyo, wasingoje mbwa afe wala apone. Nanyi fanyeni hivyo.

Lakini kuna jambo moja lilikuwa bado halijakaa sawa kichwani mwangu, nikamuuliza. Kwa nini hakuitupa ile mifupa juu ya ukuta na kwenda zake?

“Ukitupa inapiga bati, makelele tena.” Alimfuta mtoto wa mbwa mdomo kwa ncha ya kitenge. “Na pia, doktere, alikuwa anapokeaka muzuri.”

Kwa miezi minane, kila alfajiri, Mutachoka alikula mkononi mwa mwanamke ambaye jina la mbwa huyo lilikusudiwa kumchokoza.